Nyasi za Mbele ya Wodi ya Watoto

Jumatano, tarehe 3 Mei

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, Baba mzima, ni goti lake tu. Barua nimempa yule dereva wa gari la magodoro anayeshusha mzigo hapo hotelini kwenu. Najua utasema kwa nini sipigi simu. Nikishika simu maneno yananikwama, unauliza "Upo? Upo?" mara nne, salio linaisha hatujasema kitu. Bora kalamu. Mwandiko uuvumilie, darasa la tano sikulimaliza, unajua mwenyewe.

Dada nina hasira. Siku ya tatu leo chakula cha mchana hakipiti.

Kuna mtu kazini anaitwa Bwana Rula. Ndiye msimamizi wetu wa usafi na bustani. Jina wamempa wafagizi kwa sababu anatembea na rula ya chuma mfukoni mwa shati. Akifika kwenye nyasi anachuchumaa, anaisimamisha, anafumba jicho moja, anasoma. Nyasi za hospitali zisizidi sentimita tano. Zikizidi anakuandika kwenye daftari.

Na nyasi zenyewe ni zile za kununua, zilikuja kwenye gari zimekunjwa kama mikeka. Zinakunywa maji kama ng'ombe. Bomba tunalifungulia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu. Ikifika saa nne, kule wodi ya wazazi mabomba yanakohoa hewa tu, manesi wanabeba ndoo. Nimewaona. Mmoja ana mimba kubwa kuliko za wagonjwa wake, naye anabeba ndoo. Halafu juu ya hizo nyasi tumesimika kibao: USIKANYAGE. Waliomleta mtoto mgonjwa wanakaa kwenye saruji, juani. Nyasi zinashiba, watu wanaungua.

Mvua zilipoanza nikang'oa sehemu iliyooza karibu na wodi ya watoto, nikapanda majani yetu ya porini. Ukoka wa kwenye reli. Na kile kijani cha maua ya buluu kinachofunga mchana. Na kile cha njano, ua lake kama kifungo cha shati, nilikitoa kwenye machimbo ya mawe. Matroni akanikuta. "Unafanya nini hapo?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akavua kiatu, akakanyaga. Akasimama vile muda, kiatu mkononi. Kisha akasema, "Haya. Upande huu wote ni wako mpaka bodi ya hospitali ije tarehe moja Juni. Wakiona bustani, tunaendelea mpaka kule getini. Wakiona pori, tunarudisha nyasi za kununua, na wewe unarudi kwenye ufagio."

Watu wameshaanza kukaa humo, Dada. Wanalaza watoto.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Hayo majani lazima yaachwe mpaka mbegu zianguke. Sasa hivi yamefika magotini na ukweli yanaonekana pori, sikatai. Mbegu zitakomaa kama tarehe ishirini na tano. Hapo nitafyeka mara moja tu, niache yalale hapohapo mbegu zijipukute. Baada ya hapo yanatambaa chini, yanafunga ardhi, kiangazi chote bila tone la bomba. Sibahatishi. Miaka mitatu nayaangalia kule machimboni.

Lakini Bwana Rula kila siku: "Bubu, leo umehesabu nyoka wangapi?" Wafagizi wanacheka mpaka wanashikilia mifagio. Leo ameisimamisha rula mbele ya watu, ikapotea ndani ya majani. Akasema, "Jamani rula imezama, leteni mpiga mbizi." Mimi nikaangalia chini.

Ninalokuomba ni kuhusu Baba. Pale hospitali alifyeka miaka thelathini na moja. Na hajui ninachofanya, na goti lile hafiki huko. Tunalala chumba kimoja, pazia katikati, na kila nikitaka kumwambia naishia kuuliza kama amekunywa dawa. Nitamwambiaje kwamba zile nyasi alizozitunza maisha yake yote ndizo zenye shida? Wewe unampigia kila Ijumaa, wewe anakusikia. Mwambie ni makusudi. Mwambie nasubiri mbegu.

Mdogo wako


Jumatatu, tarehe 8 Mei

Kimya wangu,

Marahaba. Barua nimeisoma nikiwa nimesimama, huku mkono mmoja kwenye pasi. Mkuu wa chumba cha kufulia akapita akaniuliza, "Mchumba?" Nikamwambia, "Ndugu yangu, ananiandikia habari za majani." Alicheka yule mama mpaka nikaona aibu kwa niaba yako.

Sasa nisikilize. Hiyo kazi hukuipata kwa sura yako. Baba alikwenda pale siku nne mfululizo, na goti lake, akakaa kwenye benchi la ofisi mpaka wakachoka kumwona. Walikuchukua kwa ajili ya jina lake. Na wewe umefika umeona nini? Umeona uoteshe magugu. Mbele ya hospitali! Mtu analeta mtoto ana homa, jambo la kwanza anakutana na kichaka.

Huyo Bwana Rula simpendi, mtu mzima kumwita mtoto wa mwenzake Bubu ni kukosa adabu. Lakini kazi yake ni rula, na kazi yako ni kufyeka. Kila mtu ameandikiwa yake kwenye mkataba. Mimi hapa nikiamua leo mashuka yasipigwe pasi, eti yanapumua vizuri yakiwa na makunyanzi, unadhani nitamaliza wiki?

Umenikera, sikufichi. Tangu Mama aondoke nimekuwa mimi wa kumwambia Baba hiki, kumwambia yule kile. Nimewaacha wanaume wawili ndani ya chumba kimoja na bado nawatafsiria.

Nitaongea na Baba Ijumaa. Niachie.

Kula chakula cha mchana.

Dada yako


Jumanne, tarehe 16 Mei

Dada,

Wamefyeka.

Jumapili nilikwenda machimboni na gunia kuongeza vile vya njano. Jana Jumatatu nafika, getini tu nikasikia harufu ya moshi. Yule mlinzi mzee, aliyekuwepo hata kabla sijazaliwa, kila siku ananitania. Jana aliangalia viatu vyake. Nikakimbia.

Hakuna kitu, Dada. Imefyekwa mpaka udongo unaonekana. Haikuishia hapo. Wamepiga reki, hawakuacha hata unyasi mmoja umelala. Wamekusanya yote nyuma ya jengo la kufulia wakachoma. Jivu lilikuwa bado na joto, niliingiza mkono. Nilitafuta mbegu humo kama kuku. Mbegu zilikuwa bado mbichi, zimebaki siku kumi na moja. Siku kumi na moja tu!

Na kazi imefanywa na mtu anayejua. Ni fyekeo, si mashine. Mistari imenyooka, inakwenda na kurudi. Mpaka pembeni mwa mawe wamepitisha panga wakasafisha kama mtu aliyenyolewa. Hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi. Mtu amenikomoa na bado akanionyesha kwamba anajua kazi.

Bwana Rula akaja anapiga mluzi. Akasimama, akaangalia, akasema, "Eh, Bubu. Leo pamependeza."

Dada, sijui ile sauti ilitoka wapi. Nilipiga kelele mpaka madirisha ya wodi yakafunguliwa. Nilimwita mwizi. Nilimwambia, "Umeniibia mbegu zangu, mzee usiye na haya! Unapima tu, unapima, kuotesha hata bamia huwezi!" Nilimwambia na mengine, sitayaandika. Nikaichomoa rula mfukoni mwake, nikaikunja kwenye goti langu, nikaitupa kwenye jivu.

Hakunijibu. Hicho ndicho kinanisumbua. Hata mimi hakuniangalia, alikuwa anaangalia ile mistari chini. Kisha akaenda kwenye jivu, akaiokota rula, akaifuta kwa leso, akajaribu kuinyoosha. Haikunyooka.

Kulikuwa na mama amekaa ukutani na mtoto wake. Yule mtoto alilia kwa sababu yangu, si kwa ugonjwa. Mama akamfunika uso asinione.

Nimesimamishwa kazi. Kesi yangu itasikilizwa tarehe moja Juni, siku hiyohiyo ya bodi. Nilirudi nyumbani saa nne asubuhi. Baba alikuwa bado kitandani, mikono chini ya shuka, si kawaida yake. Akaniuliza, "Wamefurahi huko kazini?" Anatabasamu. Mwaka mzima hajawahi kuniuliza habari za kazi, akaichagua siku hiyo. Nikasema wamefurahi, nikaingia nyuma ya pazia nikalala na viatu.

Nikimkuta Bwana Rula barabarani sijui nitafanya nini.

Mdogo wako


Alhamisi, tarehe 18 Mei

Mdogo wangu,

Usimguse huyo mzee. Nakuomba, na nikikuomba najua unanisikia. Hata ukimkuta barabarani, vuka upande wa pili.

Andika barua ya kuomba msamaha upeleke mwenyewe ofisini kwa Matroni. Usingoje tarehe moja. Usiseme nani alifyeka, huna ushahidi. Kwani ulimwona? Sema ulipandwa na hasira, sema u kijana, sema lolote. Majani yameshaondoka, hayarudi, wewe shika kazi.

Na Baba usimsumbue na maswali. Mzee amechoka.

Nina mashuka mia mbili ya wageni wa leo, siwezi kuandika zaidi.

Dada yako


Jumapili, tarehe 21 Mei

Dada,

Barua yako nimeisoma mara tano. Nilijiuliza, dada yangu ambaye hata konda akimkanyaga mguu kituo kizima kinajua, leo ananiambia niombe msamaha na nisiulize maswali?

Sasa nakujibu.

Jana asubuhi Baba alikuwa anakunywa chai. Kikombe hakukishika, alikibana kwa vifundo vya mikono miwili kama mtoto. Nikamwangalia. Unajua mimi siongei, lakini naangalia. Nikaona na vifungo vya shati hajafunga. Nikachuchumaa mbele yake nikamgeuza viganja. Malengelenge, Dada. Mengine yamepasuka, ngozi imejikunja, nyama nyekundu inaonekana. Nikauliza, "Baba, mikono imefanya nini?" Akasema, "Imekuwa laini tu. Zamani isingenifanya kitu." Nikaangalia nyuma ya mlango. Fyekeo lake, lile alilolifunga kitambaa siku aliyostaafu, halina kitambaa. Limenolewa.

Hata sikumuuliza, alisema mwenyewe. "Ulidhani nitakaa hapa wakufukuze? Dada yako kaniambia Ijumaa. Kasema umeacha nyasi zimefika magotini na wakubwa wanakuja. Nikajua kijana kazi imemzidi, anaona haya kusema. Mlinzi ni rafiki yangu, alinifungulia. Nimeanza saa moja, nimemaliza saa tisa. Goti liliniuma, nikafyeka nimepiga goti lile zima." Akaniuliza, "Umeiona mistari?"

Amefurahi, Dada, hajui hata kwamba nimesimamishwa! Tangu Mama aondoke sijamwona vile. Alitaka nimsifie mistari.

Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Asante, Baba."

Asante!

Nilikuandikia kwa mkono wangu: mwambie ni makusudi, mwambie nasubiri mbegu. Maneno hayafiki kumi. Ulishindwa kuyabeba? Au hukutaka? Ulimpa mzee mwenye goti bovu habari nusu, akaenda kutambaa juani kutwa nzima, akachoma kazi yangu kwa kiberiti chake akidhani ananiokoa. Mimi nikamvunjia heshima mtu mzima asiye na kosa. Na wewe ulijua. Barua yangu ya tarehe kumi na sita uliisoma ukajua palepale, ndiyo maana ukaniambia nisiulize maswali.

Usiniandikie.

(Sijaweka jina, unanijua.)


Jumatano, tarehe 24 Mei

Wewe,

Umeniambia nisikuandikie. Naandika. Ukitaka choma, familia nzima mna viberiti.

Ndiyo, ni mimi. Ijumaa ile nilimpigia Baba nikamwambia mwanao ameacha nyasi zimefika magotini, wakubwa wanakuja, watamfukuza. Habari za mbegu sikumwambia. Sikusahau, sikutaka tu. Niliona ni upuuzi. Nilitaka akugombeze, yeye ndiye mtu wa nyasi, nikasema akimgombeza atafyeka mwenyewe na mambo yataisha. Sikujua kwamba Baba hawezi kukugombeza. Sikujua kwamba kwake kufyeka ni rahisi kuliko kukwambia neno. Ningejuaje? Nyote wawili mna midomo ya mapambo.

Nilipopata barua yako ya kumi na sita nilikaa juu ya tenga la nguo chafu. Mistari imenyooka, umeandika. Pembeni mwa mawe panga limepita. Nani mwingine? Nilipokuwa mdogo nilikuwa nampelekea chai pale. Nilikuwa natembea juu ya ile mistari, mguu mbele ya mguu, nisianguke. Nikaogopa. Nilifikiri nikikwambia utamrukia Baba. Basi nikaficha. Nimekosa hapo, nakubali, nimekosa.

Lakini sitakubali yote. Unalala hatua tatu kutoka kwake. TATU. Ukamwandikia mtu aliye mbali safari ya siku nzima, kwa gari la magodoro, amwambie baba yako maneno kumi! Ulinipa mdomo wako niubebe, sasa unanilaumu nimeuangusha. Na "asante, Baba" nilikutuma mimi? Mzee ana vidonda vibichi mikononi kwa kazi iliyokuharibia, na unamwacha ajisifu. Huko si kumheshimu. Unamficha kama mtoto asiyejua kitu.

Tangu Mama azikwe ni mimi. Baba anaumwa, niambiwe mimi nikwambie wewe. Wewe huli, niambiwe mimi nimwambie Baba. Nina mkono umeungua na pasi tangu Februari, nani kati yenu ameuliza? Nimechoka. Ijumaa hii nampigia Baba kumsalimia, basi. Tarehe moja utasimama mbele ya watu wa bodi, na hapo mimi sipo. Utasema au utakwama, ni wewe.

Dada yako, hata kama hutaki


Jumapili, tarehe 4 Juni

Dada,

Shikamoo. Mkono umepona? Niliposoma nilitafuta kama umewahi kuniambia. Hukuwahi, lakini na mimi sikuwahi kuuliza.

Hasira bado ninayo. Nakwambia mapema usije ukadhani barua hii ni ya kupatana.

Bodi walikuja watu wanne. Walisimama mbele ya wodi ya watoto dakika labda tano. Waliona nini? Udongo, na visiki vya majani vimekauka juu kama nywele za mgonjwa. Mmoja akauliza, "Hii ndiyo bustani ya asili?" Wengine wakacheka kwa pua. Wakatia saini hapohapo, gari la nyasi za kununua lije Jumamosi saa nne.

Kisha wakaniita ofisini. Matroni, Bwana Rula, na yule wa bodi aliyeuliza. Rula ipo mfukoni, imepinda, inachungulia pembeni kama kijiko. Matroni akauliza, "Nani alifyeka?" Nilikuwa nimejipanga. Nikasema, "Mimi."

Bwana Rula akasema, "Muongo."

Akasema, "Huyu anafyeka kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Ile ni kazi ya baba yake. Nimeipima miaka kumi na minane, naijua kama sahihi."

Matroni akageuka. "Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua nilipoiona."

"Na ukakaa kimya ukitukanwa?"

"Sasa ningefanyaje? Mzee wa watu ameingia getini bila ruhusa, amewasha moto kwenye eneo la hospitali. Nimtaje, mlinzi afukuzwe, mzee aitwe polisi, kwa sababu mtoto wake amenipigia kelele? Kelele haziui." Halafu akanitazama. "Ila rula yangu haijanyooka."

Dada, kungekuwa na shimo ningeingia. Nilisimama nikamwomba msamaha. Kwa sauti. Nikasema nilimtukana mbele ya watu na niko tayari kurudi pale ukutani nimwombe mbele ya watu. Akasema, "Yaishe. Kaa." Hata hivyo sikumpenda, usidhani. Ni mtu mgumu. Lakini mwizi siye.

Yule wa bodi akasema nitapewa barua ya onyo na nirudi kazini, na kwamba Jumamosi mimi ndiye nitakayetandika nyasi mpya.

Nikasema, "Msizilete."

Nilihisi kuna mtu mwingine amesema. Nikaendelea, nikaogopa nikinyamaza sitaanza tena. Nikasema mizizi bado hai, nimechimba nimeona, mbegu za mwaka huu zimekufa lakini ukoka utarudi wenyewe. Nikasema wodi ya wazazi hawana maji ikifika saa nne kwa sababu ya hizo mnazoziita bustani. Nikamwonyesha Matroni, nikasema yeye alivua kiatu akakanyaga, mwulizeni. Matroni akaangalia karatasi yenye saini. Yule wa bodi akasema, "Kijana, imeshapitishwa. Utazitandika?"

"Sizitandiki."

Bwana Rula akasema polepole, "Unajua unachosema?"

"Najua."

"Basi huna kazi," akasema yule wa bodi. Nikasema haya.

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa amekaa kizingitini, ananisubiri. Sikumuuliza kama amekunywa dawa. Nilimwambia nimeacha kazi, na kwa nini, na nani aliniharibia. Nilimwambia nimesimama.

Tuligombana, Dada. Mimi na Baba. Jirani alizima redio asikie vizuri. Baba alisimama na goti lile akaniambia, "Miaka thelathini na moja nimelijenga jina pale, wewe umelitupa kwa ajili ya majani ya machimboni!" Nikamwambia, "Uliyafyeka wewe! Zilibaki siku kumi na moja, ukayachoma moto, halafu ukataka nikusifie mistari!" Sijui kama kuna mtoto amewahi kusema hivyo kwa baba yake. Akasema, "Kwa nini hukuniambia? Mimi nalala hapa, wewe pale." Nikasema niliogopa. Akasema, "Uliniogopa, au uliona mfyeka nyasi hawezi kuelewa?"

Nilitaka kurudia kwamba niliogopa. Lakini kweli nusu yake ni hiyo ya pili, na yeye aliona. Akaingia ndani, akalivuta pazia.

Ijumaa hatukusemezana. Ulipopiga nilimsikia anasema "wazima, wazima," akakata.

Jana Jumamosi saa kumi na mbili nikachukua jembe na magunia, niwahi kutoa mizizi kabla gari halijafika. Namwona Baba nyuma yangu anachechemea, mikono imefungwa vitambaa. Tukatembea hivyohivyo mpaka getini, yeye nyuma, mimi mbele. Mlinzi akafungua. Bwana Rula alikuwa pale amesimama na daftari. Akaangalia saa yake, akasema kama anajisemea, "Gari ni saa nne. Mimi niko ghalani nahesabu sabuni mpaka saa nne," akaenda zake.

Nikaanza kuchimba. Uani kwetu, pale watu wanapopanga foleni ya maji, ni udongo mtupu, nimepanga kuyapeleka pale. Baba akashika jembe kwa yale mavitambaa, akapiga pigo moja la nguvu, akakata katikati ya mzizi mkubwa wa ukoka. Nikapandwa na hasira upya. Nikamwambia, "Baba, hapana! Ukikata hapo umeua. Unaanzia mbali, unainua na udongo wake. Leo hapa anayejua ni mimi."

Nilidhani atanipiga na mpini. Alinitazama mpaka nikaacha kuchimba. Jasho linamtoka, goti limevimba ndani ya suruali, nikaona anavyolibana asionekane anaumia.

Kisha akajishusha chini, polepole, akapiga goti moja kwenye udongo, akasema, "Haya. Nichimbe wapi?"

Nikamwonyesha.

Mdogo wako